Maswali ya Wasomaji: Tapeti Inayolia na Ile Iliyonyamaza

SWALI: Ndugu Fundi, nina gari la petroli lenye silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ambalo nimelitumia kwa miaka mingi bila tatizo kubwa. Miezi ya karibuni injini imeanza kutoa mlio wa tik-tik-tik kutoka upande wa juu, na mlio huo huongeza kasi kadiri ninavyokanyaga mafuta. Kitabu cha gari kinaeleza kwamba nafasi ya vali, yaani ule mwanya mdogo kati ya vali na roka (mkono mdogo unaoisukuma ifunguke), inapaswa kupimwa kila baada ya muda, na kinaonyesha kuwa roka za injini yangu zina skrubu na nati za kurekebishia. Nimezoea kubadilisha oili na plagi mwenyewe. Je, naweza kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi hizo, nyumbani, au hii ni kazi ya karakana pekee?

JIBU: Unaweza, na ninakuhimiza uifanye. Kazi hii haihitaji mashine wala nguvu nyingi. Inahitaji injini iliyopoa, mkono uliotulia na mtu ambaye siku hiyo hana safari. Ninakuomba sharti moja tu, nalo ni kwamba upime vali zote na kuandika vipimo vyake kwenye karatasi kabla hujagusa skrubu hata moja. Nimeona watu wengi wakifungua kava, wakaanza kulegeza nati ya kwanza waliyoiona, na baada ya saa moja wasiweze kujua ni vali zipi zilizokuwa na kasoro na zipi walizoziharibu wao wenyewe.

Hakikisha kwanza kwamba mlio unaousikia unatoka kwenye tapeti. Injekta za petroli nazo hugonga kwa mlio mwepesi unaofanana sana na huo. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikiwa imepasuka, hutoa mlio wa kupiga wakati injini ni ya baridi, kisha mlio hupungua chuma kinapotanuka kwa joto. Oili ikiwa chini ya alama, injini nzima hulalamika. Basi pima oili, kisha weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kava na mpini wake karibu na sikio, ukijiweka mbali na mikanda na feni. Mlio wa tapeti utausikia wazi ukitokea chini ya kava yenyewe, na utaona kwamba ni wa polepole kuliko mzunguko wa injini, kwa kuwa kila vali hufunguka mara moja tu katika mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili mkuu wa injini unaozungushwa na pistoni. Injini inayozunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta hufungua kila vali mara 400.

Sasa tuseme nafasi hii ni ya nini, maana asiyeelewa sababu yake hushawishika kuiondoa. Chuma kikipata joto hutanuka, na shina la vali hurefuka. Kama roka ingeigusa vali moja kwa moja wakati injini ni ya baridi, basi injini ikishapata moto vali ingesukumwa wazi kidogo muda wote, hata pale inapotakiwa kuziba kabisa. Vali ya kutolea moshi ndiyo inayoteseka zaidi, kwa kuwa kichwa chake huweza kupita nyuzi joto 700 za Selsiasi gari linapovuta mzigo mzito, na sehemu kubwa ya joto hilo huondoka pale vali inapokaa juu ya kiti chake na kukikabidhi kichwa cha silinda. Ikikosa kukaa vizuri, joto halina pa kwenda, huku gesi ya moto ikipenya kwenye ule mwanya mdogo na kuula ukingo wa vali mpaka ubanduke. Ndiyo maana katika injini nyingi vali za kutolea moshi hupewa nafasi kubwa kuliko za kuingiza hewa. Kwa magari mengi madogo ya petroli, vipimo huangukia kati ya milimita 0.15 na 0.35 injini ikiwa baridi, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha injini yako, kilichoandikwa kwenye kitabu chake au kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Usikubali kipimo cha gari la jirani, hata kama magari yenu yanafanana kwa sura.

Gari lilale usiku mzima kabla ya kazi. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, kisha ondoa waya wa hasi wa betri ili mtu asije akawasha injini mkono wako ukiwa kwenye puli. Futa vumbi lote juu ya kava kabla hujaifungua, kwa sababu mchanga ukianguka ndani utasafiri pamoja na oili. Chomoa plagi zote. Bila kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, injini huzunguka kwa wepesi na husimama pale unapotaka. Kisha ziba matundu ya plagi kwa vitambaa safi, pamoja na tundu lolote ambalo nati inaweza kutumbukia. Pete na saa ya mkononi viache ndani ya nyumba.

Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli ya krenki, kwa upande ambao injini huzungukia kwa kawaida. Magari mengi huzungukia upande wa mishale ya saa ukiitazama puli, ila zipo injini zinazozunguka kinyume, hivyo kitabu kitazamwe. Usizungushe kwa boliti ya kemshafti, yaani mhimili unaofungua vali, kwani utaulazimisha mkanda au cheni ya taiming, inayouunganisha na krenki, kubeba nguvu isiyokusudiwa.

Swali linalowababaisha wengi ni namna ya kujua kwamba pistoni imefika juu kwenye kompresheni, wala si kwenye kutoa moshi, kwa sababu alama ya puli huonekana sawa katika hali zote mbili. Njia ninayoipenda ni kuzitazama vali zenyewe. Katika injini nyingi za silinda nne zilizo mstari mmoja, mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na pistoni ya kwanza hupanda na kushuka pamoja na ya nne, ya pili pamoja na ya tatu. Zungusha taratibu huku ukitazama silinda ya nne: utaona vali ya kutolea moshi ikimalizia kufunga na ile ya kuingiza hewa ikianza kufunguka papo hapo, kama mizani inayopishana. Simama hapo. Silinda ya kwanza sasa iko juu kwenye kompresheni, vali zake zote zimefunga, na roka zake utaweza kuzichezesha kwa vidole. Ukishazipima, zungusha krenki nusu mzunguko, utapata kwamba vali za silinda ya pili ndizo zinazopishana, nawe utapima silinda ya tatu. Nusu mzunguko mwingine utakuleta kwenye ya nne, na nusu ya mwisho kwenye ya pili. Mpangilio huu si wa injini zote. Volkswagen Beetle, kwa mfano, huwaka 1-4-3-2, na zipo injini za zamani za Ford zinazowaka 1-2-4-3, kwa hiyo uthibitishe wa gari lako kabla ya kuanza kuhesabu nusu mizunguko.

Kwa kupima utatumia filageji, yaani vile vibapa vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kibapa chenye kipimo sahihi hupita kati ya roka na ncha ya vali kwa kuburuta kidogo. Hakipwayi, wala hakilazimishwi kwa nguvu. Kwa kuwa mkono wa mtu mgeni hauna kumbukumbu ya hisia hiyo, jipe uthibitisho kwa vibapa viwili: kama kipimo ni 0.20, kile cha 0.20 kipite na kile kilicho kinene kwa hatua moja au mbili kikatae kuingia. Kama nafasi si sahihi, legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi mpaka upate ule mburuto, kisha ishike skrubu isigeuke wakati unakaza nati. Hapa ndipo penye mtego wa kazi yote. Nati inapokazwa huivuta skrubu pamoja nayo, na nafasi iliyokuwa sahihi hubadilika bila wewe kuona. Pima tena baada ya kukaza, kila mara na kila vali, na ukikuta imebadilika, rudia. Mimi mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kazi hii, bado hurudia vali moja mara mbili au tatu, wala sioni kwamba muda huo umepotea.

Ukimaliza zote, zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa mkono na uzipime upya. Angalia pia ncha za roka zilizotumika sana. Mara nyingi hutoboka kijishimo pale zinapoigusa vali, na kibapa cha filageji kikilala juu ya kijishimo hicho kama daraja, kitakuonyesha nafasi ndogo kuliko iliyopo kweli. Vali ya namna hiyo huendelea kulia hata baada ya kusetiwa kwa uangalifu wote, na tiba yake ni kubadilisha roka. Usimalize tatizo hilo kwa kukaza skrubu.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana ninayejifunza kutengeneza gari la familia. Mwezi uliopita niliseti tapeti mwenyewe, na kwa kuwa injini ilikuwa bado inalia, nilizikaza kidogo zaidi mpaka mlio ukaisha kabisa. Sasa injini imetulia, lakini asubuhi haiwaki haraka, na ikiwaka inamisi na kutetemeka mpaka ipate moto. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeseti kwa sikio mahali panapotakiwa filageji, na ninaogopa kwamba baadhi ya vali zako hazifungi. Nakuandikia kwa uzito kwa sababu kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nilipokuwa na umri kama wako. Nilikabidhiwa injini iliyokuwa ikilia, nikaikaza vali moja baada ya nyingine mpaka kukawa kimya, na mwenye gari akanisifu. Baada ya wiki chache alirudi na injini isiyo na nguvu, tukafungua kichwa cha silinda na kukuta vali moja ya kutolea moshi imemeguka ukingoni, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kikiwa kimeliwa na moto. Sijaweza kuusahau uso wa mtu yule.

Vali iliyolegea hulia, na kwa kulia kwake hukuonya. Hufunguka kwa kuchelewa, hufunga mapema, hupunguza hewa inayoingia na huchakaza roka na kemshafti kwa kugonga, lakini madhara hayo huja polepole na unapata muda wa kuyarekebisha. Vali iliyobana hainyanyui sauti yoyote. Huvujisha kompresheni, nayo injini yenye kompresheni ndogo huwaka kwa shida na humisi, kama unavyoeleza. Ukiwa na shaka kati ya nafasi mbili zilizo ndani ya kipimo cha kitabu, chagua iliyo kubwa.

Usiliendeshe gari hilo kabla hujalipima upya. Liache lipoe usiku mzima, pima vali zote kama nilivyomweleza msomaji aliyetangulia, na uzirudishe kwenye kipimo cha kitabu hata kama mlio utarudi kwa kiasi fulani, maana injini nyingi zenye roka za skrubu zina mlio mdogo ambao ni wa kawaida kwao. Kisha pima kompresheni ya kila silinda kwa geji, ukiwa umekanyaga mafuta mpaka mwisho na plagi zote zikiwa nje. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kutazamwa zaidi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mimina ndani yake oili kidogo, kiasi cha kijiko kimoja, upime tena. Kompresheni ikipanda, ringi ndizo zilizochoka. Ikibaki pale pale, vali haifungi, na kama umeshaipa nafasi sahihi basi ukingo wake au kiti chake kimeungua, na hapo skrubu haina tena msaada. Kichwa cha silinda kitafunguliwa. Ninatumaini hujafika huko, kwa kuwa mwezi mmoja wa matumizi madogo si lazima uwe umetosha kuiunguza vali.

SWALI: Fundi, nimeambiwa kwamba gari langu halina haja ya kusetiwa tapeti maisha yake yote. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana kabisa. Injini nyingi zina tapeti za haidroliki, ambazo hujazwa oili yenye shinikizo na kuondoa nafasi zenyewe. Injini ya namna hiyo ikilia kwa sekunde chache baada ya kuwashwa asubuhi kisha ikatulia, oili ilikuwa imeteremka tu usiku. Ikiendelea kulia ikiwa na moto, tazama kiwango, unene na usafi wa oili kabla ya kuzilaumu tapeti. Soma kitabu cha gari: kama hakina kipimo cha nafasi ya vali hata kimoja, uwezekano ni mkubwa kwamba injini yako ni ya aina hii.

SWALI: Mheshimiwa Fundi, nimefungua kava ya injini yangu yenye kemshafti mbili, na sioni skrubu wala nati. Kemu, yaani nundu za kemshafti, zinakandamiza moja kwa moja vikombe vya chuma vilivyo juu ya vali. Nimepima nafasi na kukuta vali mbili za kutolea moshi zimebana. Nitazirekebisha vipi ikiwa hakuna cha kugeuza?

JIBU: Umefanya vyema kupima kabla ya kuuliza, na upimaji wako ndio nusu ya kazi iliyo ndani ya uwezo wa mtu aliye nyumbani. Katika injini za aina hii nafasi hurekebishwa kwa shimu, yaani kisahani kigumu cha chuma kinachokaa juu ya kikombe au chini yake, na katika injini nyingine unene huo umo kwenye kikombe chenyewe, hivyo hubadilishwa kikombe kizima. Vali hupimwa pale pua ya kemu inapokuwa imeelekea upande wa pili, mbali na kikombe. Tofauti na injini za roka, ambazo nafasi yake mara nyingi huongezeka kwa kuchakaa kwa roka, hizi aghalabu hubana kidogo kidogo, kwa kuwa kadiri ukingo wa vali na kiti chake vinavyolika, vali hupanda na kuikaribia kemu. Ndiyo sababu huweza kufika mbali bila kulia, na mwenyewe akadhani kila kitu ni salama.

Hesabu yake si ngumu. Chukua unene wa shimu iliyopo, ongeza nafasi uliyoipima, kisha toa nafasi inayotakiwa. Jibu ndilo unene wa shimu mpya. Tuseme shimu iliyopo ni ya milimita 2.60, nafasi uliyoikuta ni 0.18, na inayotakiwa ni 0.30. 2.60 ukiongeza 0.18 ni 2.78, ukitoa 0.30 inabaki 2.48. Shimu hutengenezwa kwa hatua, kwa hiyo utachukua iliyo karibu zaidi, ikiwezekana ile inayokuacha upande wa nafasi kubwa lakini ndani ya kipimo. Unene wa shimu iliyopo uupime kwa maikromita, usitegemee namba iliyochapwa juu yake, kwani huenda imefutika au kisahani kimelika.

Kama shimu za injini yako ziko juu ya kikombe, kipo kifaa maalumu cha kukandamiza kikombe ili shimu itolewe bila kugusa kemshafti. Kama ziko chini, kemshafti zitafunguliwa, nazo haziwezi kufunguliwa bila kuachia cheni au mkanda wa taiming. Kofia zake zilegezwe kidogo kidogo kwa mpangilio wa kitabu, la sivyo kemshafti hupinda au kuvunjika kwa msukumo wa springi, na taiming ikirudishwa kwa kukosea hata jino moja, katika injini nyingi pistoni huweza kugonga vali. Kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya, naona ni busara akabidhi sehemu hiyo kwa fundi mzoefu, huku yeye akimpelekea karatasi yenye vipimo vya vali zote. Fundi mwenye kujali kazi yake atafurahi kuipokea.

SWALI: Nilibadilisha gari langu likatumia gesi badala ya petroli. Je, upimaji wa vali unabadilika? Pia, tangu kava ifunguliwe mara ya mwisho, oili inavuja pembeni na plagi moja hutoka ikiwa imelowa oili kwa nje.

JIBU: Kipimo hakibadiliki, ila muda wa kupima unapaswa kuwa mfupi zaidi. Gesi huingia ikiwa kavu, na katika injini ambazo viti vyake vya vali si vya chuma kigumu, vali huzama kwenye kiti haraka kuliko ilivyokuwa kwa petroli, na nafasi hupungua. Pima mapema baada ya kubadilisha, andika, kisha pima tena baada ya kilomita elfu chache. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili itakuonyesha mwendo wa uchakavu wa injini yako, nawe utajua upime kila baada ya muda gani.

Kuhusu oili, plagi iliyolowa kwa nje inaonyesha kwamba ringi ya mpira inayozunguka kisima cha plagi imekakamaa au ilikunjwa wakati wa kurudisha kava. Ringi hizo zibadilishwe pamoja na gasketi ya kava, kwani oili ikijaa kisimani huharibu kofia ya plagi na injini huanza kumisi. Safisha nyuso zote mbili mpaka zikauke. Usipake silikoni gasketi nzima, maana inayobaki ndani hukatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Ipake kidogo tu kwenye zile kona ambapo kava ya taiming hukutana na kichwa cha silinda, kama kitabu kinaagiza hivyo. Boliti zikazwe kuanzia katikati kuelekea nje, kwa zamu na kwa mkono mwepesi, kwa sababu ni ndogo na uzi wake umo kwenye aluminiamu. Washa injini, iache ipate moto, kisha pitisha kidole kuzunguka ukingo wa chini wa kava upande wa nyuma, mahali ambapo macho hayafiki na ambapo uvujaji huanzia mara nyingi.